Msuko wa Jumamosi

Wanawake wa Debre Tabor, huko Uhabeshi, walimjua Bosena kwa injera zake, mikate myembamba na laini, na kwa shuka jeupe ambalo hakulivua kichwani hata mbele ya moto wa jiko. Waliodhani ni ucha Mungu walikosea. Chini ya shuka lile kichwa kilikuwa karibu kitupu.

Kilianza kipara kimoja juu ya sikio, upana wa sarafu, ndoa yake ikiwa na mwaka mmoja tu. Alipakwa mshubiri, akasuguliwa kitunguu saumu mpaka ngozi ikababuka, akapelekwa kwenye maji ya baraka alfajiri saba. Tabibu wa zahanati akamwambia kweli: ugonjwa huu hauui, ila dawa hana. Mumewe, Molla, hakumfukuza, tusimsingizie. Alianza tu kula akiwa amempa mgongo, na mwanamke hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Bosena akarudi kwa mama yake.

Mama huyo, Yeshareg, alikuta kimebaki kishungi kimoja kisogoni, kipana kama kiganja cha mtoto. Majirani wawili watatu waliojua siri wakasema la kuvunda halina ubani. Yeshareg aliwasikia, akaenda kuyeyusha siagi.

Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na mmoja, Bosena alikaa chini kati ya magoti ya mama yake. Mama alifumua msuko wa juma lililopita, akaosha, akapaka siagi, akasuka upya msuko ule ule mmoja, legelege, urefu wa kidole.

"Kaza basi, Mama, ufanane na wa watu."

"Nikaze ili iweje? Hii si kamba ya ng'ombe. Na usiuache ukae majuma mawili bila kufumuliwa, utakula mizizi. Umesikia, kichwa kigumu?"

"Kichwa ndicho nilichobakiwa nacho, kiache kiwe kigumu."

Wakacheka. Hata wakati wa mfungo mkuu, siagi ilipokuwa mwiko mezani, Yeshareg alipaka. "Kufunga ni kwa mdomo," alisema. "Kichwa hakina meno."

Kisha Yeshareg akaugua kifua. Jumamosi yake ya mwisho aliegemezwa ukutani kwa mito, akasuka polepole, akipumzika kila baada ya pindi moja.

"Nikifa watakuja na wembe," alisema. "Usiwape. Nimekilima kishungi hiki miaka kumi na mmoja, wasikivune kwa siku moja."

Alhamisi akafariki.

Huko kwao mwanamke aliyefiwa na mzazi hunyoa. Baada ya maziko binamu wawili walikwisha kunyolewa, na Bosena amekaa pembeni na shuka lake. Wudnesh, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ametoka ng'ambo ya mto na hakujua lolote. Alisimama na wembe mkononi.

"Jamani, hebu tazameni! Watoto wa ndugu wamenyoa, mwenye mama anatunza uzuri. Unatafuta mume msibani, wewe?"

Bosena alivua shuka.

Vilio vilikatika. Wudnesh alitazama kile kichwa, kisha akauona msuko kisogoni, unang'aa siagi.

"Nani amekusuka, mwanangu?"

"Mama."

"Lini?"

"Jumamosi hii iliyopita."

Wudnesh aliweka wembe chini, akalia kwa sauti, mara ya kwanza siku ile kulia kwelikweli.

Jumamosi ikafika. Wudnesh aliyeyusha siagi na kukaa kwenye kigoda cha marehemu. "Njoo nikufumue."

Bosena akaziba kisogo kwa mkono. "Hapana, Mama mkubwa. Vidole vya mama vimo humu."

"Mtoto wewe, msuko usipofumuliwa unaua nywele."

"Najua."

Nani angejua kuliko yeye? Lakini katikati ya msuko lilikuwapo pindi moja lililokwenda upande, pale mkono wa mama ulipochoka, na kila alipongoja injera iive Bosena alilipapasa pindi hilo. Hakuna atakayelisuka tena. Juma la pili ngozi ikawasha. La tatu ikauma, akavumilia. Wudnesh alibembeleza, akagomba, mwisho akamwacha.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu, padri akisoma sala. Bosena alipeleka mkono kisogoni kutafuta pindi lake, na msuko ukamjia mkononi mzima, na mizizi yake. Aliufumba kiganjani mpaka sala ikaisha. Hata hapo hakuufumua.