Nilivyofanya kiti cha mama kiteleze juu ya zulia, Waithaka miaka ya sabini

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Mwenye chai anywe, mwenye njaa avumilie kidogo.

Wanaonifahamu humu wanajua kwangu paka huwa chui na rasharasha huwa gharika. Leo nitajizuia. Hii ni habari ya mama yangu, na mama hatiwi chumvi. Ikinitoka punje moja mbili mnisamehe, ni mazoea ya mkono.

Wiki jana mwenzetu aliuliza humu afanye nini, viti vyake vinagoma kusogea kwenye carpet. Mkamjibu vizuri: nunua vile vifuniko vya plastiki, bandika kitambaa cha felt, paka nta.

Mimi niliandika jibu nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikaona bora nifungue uzi.

Nianze na uongo ambao niliuamini kwa moyo wangu wote: kwamba zulia la sufu hunyonya baridi kutoka kwenye mifupa ya mtu.

Msicheke bado. Niliambiwa na Ombima, tarishi mwenzangu katika ofisi moja pale mjini. Ombima alikuwa na jibu la kila swali lililo chini ya mbingu, na mengine ya juu yake.

"Wewe umewahi kuona mzungu mzee analia magoti?" aliniuliza.

Nikafikiri. Kweli, sikuwa nimeona.

"Basi ni zulia hilo. Anakanyaga, linavuta. Jumamosi wanalitoa nje wanalipiga fimbo, ile baridi inaanguka kama unga. Ukipita karibu funga mdomo, usije ukaimeza."

Na kweli nilikuwa nimepita Kilimani nikaona watumishi wanapiga mazulia kwenye kamba, na kitu cheupe kinaruka. Ushahidi gani tena?

Na msidhani sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nikapewa cheti chenye muhuri mkubwa kuliko kichwa changu. Mwalimu wa science alitufundisha friction, yaani msuguano, kwa kipande cha mbao na meza. Niliijua friction kuliko nilivyojua majina ya binamu zangu.

Elimu hiyo mtaiona hapa chini ilivyonisaidia.

Sasa, mama.

Mama alikuja kutoka Maragoli kwa ajili ya magoti, aonwe na daktari. Mke wangu alibaki nyumbani na watoto na shamba. Kwa hiyo chumba changu cha Waithaka kilikuwa na mimi na mama tu, na mchana alikuwa peke yake, mimi niko mjini nasambaza barua.

Magoti yalikuwa yamekataa kumbeba. Lakini mama alikuwa amejigundulia njia yake. Nilikuwa na kiti kimoja cha mbao, cha mgongo mrefu. Anaushika ule mgongo, anakisukuma mbele, krrr, anapiga hatua. Krrr, hatua. Akichoka anakizungusha anakikalia.

Sakafu ilikuwa saruji laini. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni futi tisa. Niliwahi kuzipima, lakini nilizipima nikiwa nimechelewa.

Hiyo krrr ilikuwa na kazi ya pili. Nyuma ya ukuta wetu wa mbao aliishi Cucu wa Njoki, yaani nyanya yake Njoki, Mkikuyu wa rika la mama. Akisikia krrr anajua mwenzake ameanza safari, anamimina chai. Mama akifika mlangoni, Cucu ameshafika na vikombe viwili vya bati, miguu imejaa udongo mwekundu wa shamba, anaingia bila hodi. Kisha anamshika mkono wanatoka juani, au wanakwenda kule ambako mtu hawezi kutumwa.

Mama hakujua Kikuyu. Cucu hakujua Kimaragoli. Kiswahili chao wote wawili kingejaa kijiko cha chai. Lakini Jumamosi nikiwa nyumbani nilikuwa nawasikia wakicheka mpaka mabati yanatetemeka.

Siku moja nikamuuliza mama wanacheka nini.

"Sijui," akasema. "Yeye ndiye ameanza."

Basi mzungu mmoja wa ofisini akawa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Nikaona zulia. Sufu tupu, rangi ya maini, nene hivi kwamba panya angepotea humo akatafutwa na jamaa zake wiki nzima.

Nililichukua. Mimi na mwenye mkokoteni tulilisukuma kutoka Kilimani mpaka Dagoretti Corner, tukapumzika, tukalisukuma mpaka Waithaka. Lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Watoto walitufuata kimya, nafikiri walidhani tumebeba maiti.

Nikalitandaza. Lilifika kutoka kitandani hadi kizingitini kama limeshonewa pale. Mama alikaa kitandani akashusha mguu mmoja polepole, kama mtu anayepima maji ya mto.

"Ni laini," akasema. "Kama mgongo wa kondoo."

"Litavuta baridi yote, mama."

"Ubarikiwe, mwanangu."

Jumatatu nikarudi kazini. Jioni nikakuta kiti kiko palepale kando ya kitanda, nilivyokiacha asubuhi.

"Leo miguu imechoka," akasema mama.

Jumanne ikachoka. Jumatano pia. Nikamuuliza Ombima, akaniambia dawa kali humlegeza mtu kwanza, nisiwe na haraka.

Jumamosi nikalitoa zulia nje, nikalitundika kwenye ua, nikalipiga fimbo. Vumbi jeupe likapanda. Wakuu, nusura nipige magoti. Niliiona baridi ya mama yangu ikipaa kuelekea Mutuini.

Na hapo, nyuma yangu, nikasikia krrr.

Krrr. Krrr.

Nikageuka. Mama yuko mlangoni, ameshika kiti chake, anapepesa macho kwa jua. Cucu wa Njoki akatokea na vikombe hata kabla sijafunga mdomo.

"Unaona?" nikamwambia mama. "Unaona linavyofanya kazi? Wiki moja tu."

Mama akalitazama lile vumbi. Akasema, "Kumbe ilikuwa nyingi hivyo."

Mimi, mwenye cheti chenye muhuri, nikafanya haraka kulirudisha zulia ndani, dawa isikatike.

Nimekaa na hiyo Jumamosi zaidi ya miaka hamsini. Jibu lilikuja likasimama mlangoni, nikaliona, nikalipongeza, nikalitandikia zulia.

Kuna na lingine. Nilikuwa nimetangaza kwamba anayeingia avue viatu. Cucu hakuwa na viatu vya kuvua, nyayo zake ndizo zilikuwa viatu. Sikuwepo, lakini naiona: alifika kizingitini, akatazama udongo miguuni mwake, akatazama zulia, akanyoosha mkono na kikombe. Mama alikuwa kitandani. Mkono wa mtu hauna futi tisa.

Jioni nikakikuta kikombe kizingitini, kimepoa, nzi yumo ndani. Nikakiosha nikamrudishia, nikamshukuru kwa chai.

Baada ya siku kadhaa tukakutana dukani. Akaniuliza, "Mama yako alinikasirikia? Siku hizi simsikii."

"Hapana, Cucu. Anapumzika. Yuko kwa matibabu."

Akatikisa kichwa, akachukua kiberiti chake akaenda.

Siku nilipong'amua kwamba shida ni kiti, nilikuwa nyumbani. Mama aliinuka kukisukuma. Miguu ya kiti ikazama ndani ya sufu, mgongo ukamwinamia mbele, nikamdaka kwapani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka.

"Kimekuwa kizito," akasema, kana kwamba kosa ni lake.

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu sasa nilijua adui ni friction, na friction nilikuwa na cheti chake.

Nikaanza na mshumaa. Nikapaka nta chini ya miguu minne. Kiti kiliteleza siku moja. Ya pili nta ikashika manyoya ya zulia, kiti kikaota ndevu.

Nikapigilia vizibo vya soda. Meno yake yakang'ata sufu yakang'oa nyuzi, kiti kikatulia kama fahali matopeni.

Nikaja na vifuniko vya kiwi ya viatu. Vile viliteleza kweli, ila kila baada ya hatua mbili kiti kilivua kiatu kimoja kikakiacha nyuma.

Kila jaribio mama aliketi kitandani akinitazama nikiwa nimelala kifudifudi chini ya kiti. Kila jaribio alisema, "Utaweza tu." Hakuwahi kusema neno moja baya juu ya lile zulia. Wageni waliokuja kulishangaa aliwaambia, "Mwanangu amenitandikia."

Ndipo nikaenda kwa Fundi Swaleh. Alikuwa seremala wa kutoka Lamu, mwenye karakana nyembamba nyuma ya River Road, mtu wa maneno machache na kofia safi. Ofisi za mjini zilikuwa zinatandikwa mazulia wakati huo, na viti vyote vilivyogoma vililetwa kwake.

"Kiti chako cha namna gani?" akaniuliza.

Hapa ndipo nilipoharibu, wakuu. Niliona aibu kusema ni kiti kimoja cha mbao katika chumba kimoja cha mabati. Nikasema ni seti ya sitting room. Viti sita. Vya wageni.

Fundi akanitazama. "Watu wenye zulia hukaa wakatulia, mwanangu. Hao wageni wako wana nini hata viti viwe havitulii?"

"Ni wakorofi, fundi," nikasema. Tukacheka.

"Basi nitakutengenezea viatu vya kiti kimoja kwanza. Vikikufaa, utaniletea hivyo vitano."

Alichemsha pembe ya ng'ombe mpaka ikalegea, akaipa umbo la mviringo, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. "Kitu bapa hukwama," alinieleza. "Na chenye ncha huchimba. Chini ya mguu yataka iwe kama tumbo la kijiko, na ipite upana wa mguu. Hapo itaelea."

Fundi alikuwa na kazi za watu wengi. Nilipita kila saa ya chakula nikamkuta anasugua, nikangoja, nikapita tena. Ziliisha wiki saba. Sikumharakisha, ningemharakisha vipi? Vilikuwa viti vya wageni.

Nilivileta Waithaka mfukoni kama almasi. Nikavipigilia. Nikakigusa kiti kwa kidole kimoja. Wakuu, hapa hakuna chumvi: kiti kilikwenda. Bila sauti, kama bata majini.

"Mama, simama."

Akatia mikono kitandani, akajisukuma. Akajisukuma tena. Nikamshika. Magoti hayakunyooka. Wiki zote hizo za kukaa yalikuwa yameganda palepale, na miguu imekonda kama mipini ya majembe.

"Kesho," akasema. "Nionyeshe wewe leo."

Nikamwonyesha. Nilikisukuma kile kiti kitupu kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, hadi mlangoni na kurudi. Nikakisukuma kwa mkono mmoja. Nikakizungusha. Mama akapiga makofi.

"Kinateleza kweli, mwanangu," akasema. "Kinateleza kweli."

Hakuinuka kesho, wala kesho nyingine. Kifua kilimkamata wakati wa mvua ndefu, tukampeleka nyumbani Maragoli akiwa kwenye sanduku. Siku tunamtoa, Cucu wa Njoki alisimama kizingitini na vikombe viwili mkononi. Sijui kwa nini alivileta viwili. Nilimwambia aingie na udongo wake. Akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akavipakata vikombe vyake.

Funzo langu ni hili. Ukimletea mtu zawadi, kaa naye siku nzima ya kazi uone inavyomkalia. Mpendwa wako hatakwambia. Atakubariki.

Wenye wazazi wa magoti, semeni hapo chini mnafanyaje. Na wewe ndugu wa wiki jana, kabla hujanunua vile vifuniko, hebu tuambie kwanza: ni nani anayesukuma hicho kiti? Maoni nitayasoma yote, hata ya kunilaumu.

Nimwachie Fundi Swaleh aseme la mwisho, kwa kuwa mimi baada yake sikupata la kuongeza.

Alikuja kunipa pole Jumapili moja niliporudi kutoka mazishini. Akavua viatu mlangoni kama desturi yake, akaingia, akatazama chumba.

"Viti vyengine viko wapi?"

"Ni hicho kimoja, fundi."

"Na wale wageni wakorofi?"

Nikamweleza yote. Magoti, krrr, futi tisa, Ombima, baridi iliyokuwa inaanguka kama unga. Nilipomaliza akachutama, akashika pembe ya zulia akaifunua, akagonga saruji kwa kifundo cha kidole. Akaipangusa kwa kiganja, mara moja, kama anavyopangusa mbao aliyomaliza kuipiga randa.

"Zulia halivuti baridi, mwanangu," akasema. "Na kiti hiki hakikuwa na kasoro. Ungelikunja zulia tu."