Risiti ya Busia Haikutosha Nakuru

Mama yake Erisa Wasike alizikwa bila yeye. Siku hiyo mwanawe huyu wa kwanza alikuwa mfungwa mjini Nakuru, akipasua mawe ya barabara kwa kosa la kutolipa kodi. Kodi alikuwa amelipa. Aliilipa kwao, Busia, upande wa Uganda.

Sasa ni saa moja asubuhi, na Erisa yuko kazini kama kawaida. Genge lao linabadilisha mataruma ya reli karibu na Elmenteita. Upepo unaleta vumbi jeupe kutoka machimbo ya Kariandusi, linaganda kwenye nyusi za watu. Erisa anainua reli kwa mtaimbo, na mwenzake anasukuma taruma jipya chini yake. Ana miaka arobaini na moja. Haongei sana.

Wenzake ndio wanaoongea.

"Inua, Bwana Kodi Mbili," anasema Kiprugut, ambaye analala naye chumba kimoja kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. "Bibi mmoja, serikali mbili. Hata chifu wetu kule Kericho hajafika hapo."

Genge linacheka. Erisa anatabasamu kidogo, kisha anarudi kwenye mtaimbo.

Aliandikwa kazi ya reli huko Tororo mwaka 1949. Mwaka jana, 1956, alihamishiwa Nakuru. Tajiri, yaani shirika la reli, hakubadilika, wala kazi, wala mshahara wa shilingi sabini na tano kwa mwezi.

"Sikuhisi nimetoka nchi moja nikaingia nyingine," anasema. "Reli ni moja. Noti ni ileile, ina picha ya Kwini yuleyule. Ukinunua stempu hapa Nakuru, imeandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Nikasema, basi na kodi ni moja. Hakuna mtu aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe."

Kuna sababu nyingine, na hiyo ni ya watu wa kwao. Kila mwaka chifu husoma barazani majina ya waliolipa kodi. Mwanamume ambaye jina lake halikusomwa husemwa amepotea, na shamba la mtu aliyepotea halikawii kuingiliwa na majembe ya majirani. Kwa hiyo wengi wanaofanya kazi mbali huenda likizo na kulipa nyumbani. Erisa alilipa Desemba, shilingi ishirini na tano. Jina liliposomwa, mama yake, Nabwire, alikuwa amekaa mbele kabisa, na akapiga vigelegele.

Kiprugut alikuwa amemwonya. "Nilimwambia, lipa na hapa, ndugu yangu. Akaniuliza, kwani mimi nina vichwa viwili?"

Mwezi wa Juni askari wa kodi walizunguka landi asubuhi mapema. Erisa akatoa risiti yake bila wasiwasi. Karani akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya Uganda, mzee."

"Ndiyo, bwana. Nimelipa."

"Umelipa huko. Unakaa hapa."

"Na ningekuwa nakaa ndani ya treni?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliandika jina.

Hakimu alimtaka alipe kodi ya Nakuru, shilingi ishirini na mbili, na faini ya kumi, au afungwe mwezi mmoja pamoja na kazi. Hakuwa nazo. Mshahara wa Mei alikuwa ameutuma nyumbani, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Tororo, miguu imevimba, anamuulizia kila siku.

Mwenye mali hapati taabu ya namna hii. Kodi ya mapato ina sheria moja kwa nchi zote tatu, na mwenye maduka Kampala na Nakuru anapimwa kwa sheria hiyo. Kodi ya kibarua kila serikali inaitoza kivyake, kwa kiwango chake na risiti yake. Wakubwa wanaongea juu ya soko moja la Afrika Mashariki. Anayebeba mataruma ya soko hilo hawajamfikia bado.

Kiprugut alimwandikia Barasa, mdogo wake Erisa, atafute hizo shilingi thelathini na mbili. Nyumbani palikuwa na fahali mmoja mweusi. Nabwire mwenyewe ndiye aliyemtenga, achinjwe siku ya mazishi yake. Barasa hakuthubutu kumgusa bila ruhusa, akaenda hospitalini kuuliza.

"Barasa aliniambia alivyojibu mama," anasema Erisa. "Alisema, 'Muuzeni. Fahali atanisaidia nini, kama Erisa hayupo?'"

Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Wengine wote humsubiri.

Fahali aliuzwa mnadani Jumanne, kwa haraka na kwa bei ya haraka. Nabwire alikufa Jumatano. Barasa alimtumia Kiprugut pesa kwa njia ya posta, nazo zilivuka mpaka bila kuulizwa ni za nchi gani. Zilifika Nakuru Ijumaa jioni, posta imefungwa. Huko Busia walikuwa wamengoja siku mbili, na mwili haungeweza kungoja zaidi. Walizika jioni hiyohiyo.

Kiprugut alilipa Jumamosi asubuhi. Erisa alitoka gerezani akaenda moja kwa moja stesheni, bila kuoga.

"Nilifika Jumapili. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilichota konzi moja nikataka kuimwaga juu. Barasa akanishika mkono, akasema, 'Kaka, acha. Imeshafanywa.'"

Anapangusa macho kwa mkono wenye vumbi, na vumbi linamzidishia machozi. Kiprugut anachukua mtaimbo mkononi mwake.

Mwisho wa mwaka Erisa atarudi Busia, asimame mbele ya chifu, aombe jina lake lifutwe. Kuanzia hapo atalipa Nakuru tu. Barasa amekubali kulilima shamba lake ili lisiingiliwe.

"Ningependa watengeneze risiti moja ya nchi zote tatu," anasema. "Hata wakipandisha bei, nitalipa. Mimi sijawahi kukataa kulipa. Lakini jina langu lisisomwe tena pale. Aliyekuwa akilisikiliza hayupo."

Serikali ya Kenya ilipata shilingi zake thelathini na mbili. Zilitoka kwa fahali wa mazishi. Zilizobaki zilinunua sanduku. Waombolezaji walikula maharagwe, na udongo wa kwanza ulitupwa na mtoto wa pili.