Mkono wa Kushoto wa Donat

Mgongo wa Donat ulikuwa umekwisha, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale stesheni ya Elisabethville. Tangu Katanga ijitenge na Kongo, na wafanyakazi wenzake wa Kasai wakimbilie kambini kwa kuhofia roho zao, kila aliyebaki aliunganisha mabehewa kwa kazi ya watu wawili. Nyumbani alilala na viatu miguuni, kwa kushindwa kuinama kuvivua. Alitaka kitu kimoja tu: kiti cha dereva wa treni, naye akae chini kama mtu.

Kiti kilikuwa na mtihani wake. Unaketishwa mezani mbele ya taa mbili na levye mbili, vile vipini vya chuma vya kusukuma. Taa ya kulia ikiwaka, sukuma levye ya kulia kwa mkono wa kulia. Ya kushoto, kwa wa kushoto. Zikiwaka zote, tulia, usiguse kitu. Mchezo wa watoto, utasema. Haya, kaa wewe.

Walipoanza na taa ya kulia peke yake, Donat alikuwa mwepesi hata Mzungu wa mtihani akaguna kwa kuridhika. Kisha wakaingiza na ya kushoto. Na ng'ambo ya meza, akitazama mikono, alikaa mzee Anaclet, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu karani Mkasai naye alikuwa kambini. Mzee huyo ndiye aliyemzaa Jeanne, mke wa Donat.

Sasa niambie, nani aliyelelewa vizuri atamsukumia baba mkwe kitu kwa mkono wa kushoto, usoni kabisa? Taa ya kushoto iliwaka. Mkono ukagoma. Wa kulia ukaruka kuusaidia, ukashika levye isiyo yake. Donat akaanza kuuhimiza ule wa kushoto kimoyomoyo, na kwa kuuhimiza akachelewa hata kwa wa kulia. Halafu zikawaka zote mbili, na mkono wa kulia, uliochoka kungoja, ukasukuma.

"Suivant," Mzungu akasema, akimwita mwingine. Donat akajua amerudi kwenye mabehewa.

Mzee Anaclet alimfuata nje, akasimama mbali kidogo bila kumtazama, kama ilivyo kwa wakwe.

"Heshima yako nimeiona, mukwe wangu," akasema. "Lakini miye niko muzee, heshima nimeshiba. Mutoto wangu iko anakukanda mugongo kila siku, iko analia. Afazali ungenitukana."

Donat akapiga magoti kumwomba radhi, na mgongo ukakataa kuinuka. Ikabidi mzee mwenyewe amnyanyue.