Mlango wa Sakristia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa bado mke mpya hapa Nyansiongo, nilipojibanza chini ya dirisha la sakristia, chumba cha mchungaji kanisani, na kiondo cha mboga za chinsaga mkononi. Mtu akipita angedhani nachuma mboga. Kumbe nilikuwa nimekuja kumsikiliza mume wangu akiungama kwa mchungaji.

Nakuambia hili kwa sababu ya juzi. Ulinijia na daftari lako la darasa la kipaimara, ukasema unataka historia ya usharika wetu na mambo tunayoyaamini, kwa kuwa umeolewa kwetu kutoka kanisa lingine. Nikaanza kukueleza, lakini kalamu yako haikusogea. Baada ya chai ndipo ukatoa lililokuleta: mume wako amekaa sakristia na mchungaji nusu saa, mlango umefungwa, na kwa vile mimi ni mzee wa kanisa, ukaomba nikuulizie walikuwa wanazungumza nini. Uliniomba kwa adabu na sikukasirika. Macho yale nayajua, niliwahi kuwa nayo.

Mimi pia sikuzaliwa Mlutheri. Nililelewa Nyanchwa kwenye nyumba ya Wasabato, Jumamosi ni siku ya Mungu na jiko limepoa tangu Ijumaa. Nilipoolewa na Nyakundi nikaja huku, nikakuta watu wanabatiza watoto wachanga, mchungaji anavaa kanzu nyeupe, na ibada ina maneno ambayo bibi mzee asiyejua kusoma anayaitika bila kukosea. Kila kitu nilikishuku. Nilidhani ni Wakatoliki waliojificha.

Lililonishinda zaidi ni neema. Mchungaji Ombati, aliyenifundisha katekisimo, alisema mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake, ni kwa neema tu, kwa imani, kwa ajili ya Kristo. Kwamba maji ya ubatizo yakiwa na Neno la Mungu yanafanya kazi hata kwa mtoto asiyejua kusema. Kwamba kwenye mkate na divai Bwana mwenyewe yupo kweli, anajitoa. Yote bure. Sasa mimi ni mtu wa soko, mwanangu. Mtu akinipa kitu bure, nakigeuza kwanza nione kama kimeoza upande wa chini. Nilimwitikia mchungaji ndiyo, nikabatizwa shingo upande, nikapata kipaimara, lakini moyoni nilikuwa bado nageuza.

Halafu kulikuwa na desturi ile ya Jumamosi. Kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, kila anayetaka kushiriki huenda kwa mchungaji kujiandikisha. Wengi hutaja jina na kuondoka. Lakini mwenye mzigo hubaki, mlango unafungwa, anaungama peke yake, na mchungaji anamtangazia msamaha. Nyakundi alikuwa anabaki. Na si mara moja.

Uelewe pia kwamba Nyakundi alikuwa akifanya kazi kiwanda cha chai upande wa Itumbe. Aliondoka Jumapili jioni, akarudi Ijumaa. Siku tano sijui anakula kwa nani. Anarudi, Jumamosi ananiachia ng'ombe wa kukamua, anakwenda kufungiwa na mchungaji. Anatoka macho mekundu, anakunywa uji, hasemi kitu. Niambie, wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria mwanamke. Nikampa hadi sura, mrefu, mwenye pengo la meno ya juu. Nikampa na mtoto.

Basi siku hiyo nikaenda na kiondo changu. Maneno ya Nyakundi sikuyasikia, alikuwa akisema chini sana. Nilichosikia ni kulia. Sijawahi kumsikia mwanamume wa kwetu akilia vile, hata matangani. Kisha sauti ya mchungaji ikapanda, wazi kabisa, akamwambia kwamba kwa amri ya Kristo anamsamehe dhambi zake zote, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Zote? Hasira ilinipanda pale kwenye chinsaga. Kama alinikosea mimi, nani amempa mchungaji ruhusa ya kusamehe bila kuniuliza? Nilisubiri Nyakundi aondoke, nikaingia.

Mchungaji Ombati alikuwa anakunja stola yake, kile kitambaa cha shingoni. Nikamwambia, "Mchungaji, bwana yangu amekuambia nini?"

"Kemunto, hiyo siwezi kukuambia."

"Mimi ni bibi yake. Tulifunga ndoa kwa hii kanisa, na ni wewe ulitufungisha."

"Hata angekuja askofu kuniuliza, singesema. Niliapa siku niliyowekwa wakfu. Kama kuna kitu kinakusumbua wewe, keti, useme yako."

Yangu? Mimi nilikuwa na yapi? Nikatoka bila kuaga. Na kwa kuwa mchungaji alininyima jibu, nilijijibu mwenyewe, halafu nikaligawa. Nililisema kwenye kituo cha kununulia chai, tukiwa tumesimama na majani yetu tukingoja lori. Sikusema nashuku. Nilisema najua. Kwamba Nyakundi ana nyumba nyingine Itumbe, na mchungaji anamfichia.

Hazikuisha wiki mbili habari ikamfikia. Aliporudi Ijumaa hakunipigia kelele. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akavua viatu, akasema, "Kemunto, mimi nilienda kwa Mungu. Wewe ukanifuata mpaka huko." Nikangoja akane yule mwanamke. Hakukana, hakukubali. Na ukimya ule ukanizidishia shaka.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kujiandikisha. Pasaka ikaja. Watu wakasimama safu kwa safu kwenda kupiga magoti mbele, yeye akabaki kwenye benchi, kofia magotini, peke yake. Wanawake wa kituo cha chai wakanitazama mimi, kwa maana kwao hilo lilikuwa ushahidi. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mshindi kwa kama saa moja hivi. Baadaye nilianza kuogopa. Mwezi ukaja, mwingine ukaja, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, Nyakundi bado yuko kwenye benchi. Mtu aliyekuwa akienda kulia kwa Mungu wake na kurudi mzima, sasa hana pa kwenda. Alianza kukonda. Alianza kutorudi Ijumaa.

Mama mkwe wangu, Nyaboke, ndiye aliyenikamata. Alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa katika usharika huu. Aliniita nikamsaidie kumenya ndizi, akanisema kwa Kikisii, pole pole, bila kuinua macho.

Alinieleza walivyofika huku mzungu mwenye shamba alipoondoka na shamba lake kugawanywa. Walitoka milima mbalimbali, koo mbalimbali, na hakuna aliyemjua jirani yake. Ng'ombe akifa, lawama inavuka ua. Mtoto akiugua, watu wanatazamana. Wachache kati yao walikuwa wamefundishwa na wamishenari kutoka Uswidi, wakawa na katekisimo moja na mchungaji aliyepita mara moja kwa mwezi akitembea kwa miguu. Waliabudu kwenye kibanda cha mzungu cha kukamulia ng'ombe, sakafu bado inanuka maziwa. Mchungaji alikuwa akiketi nyuma ya kizuizi cha mbao, na mmoja mmoja anaingia.

"Mimi niliingia huko," akasema. "Nilisema jambo nililomfanyia jirani yangu, jambo ambalo lingejulikana ningefukuzwa. Baadaye nikasikia na yeye ameingia. Sikujua alisema nini. Lakini Jumapili tulipiga magoti pamoja, na mwaka ule hatukuchomeana nyumba. Unadhani hili kanisa lilijengwa na watu wasafi? Lilijengwa na watu waliokuwa na pahali pa kusema. Sasa wewe umekuja kutoboa ukuta."

Nikamuuliza, "Mama, na kama kweli ana mwanamke?"

"Kama anaye, amesamehewa na ataachana naye. Kama hana, umemuua bure. Wewe sasa ndiye unayemzuia kwenye Meza. Utamjibu Mungu nini?"

Nilimenya zile ndizi zote nikaharibu nusu.

Ilinichukua wiki tatu kwenda. Kwanza nilirudi kituo cha chai nikawaambia wale wanawake kwamba nilisema najua na sikujua. Mmoja alicheka, wengine hawakuniamini, na hilo nalo nilistahili. Jumamosi nikaenda kanisani. Nilipomwona mchungaji anafunga mlango, mwili wote ukaniambia toka. Huyu ananunua maziwa kwetu. Huyu hunywa chai na mama mkwe wangu. Nani atamzuia kusema? Nikapiga magoti hivyo hivyo. Niliungama dirisha, nikaungama uongo, nikaungama furaha yangu ile ya Pasaka. Halafu nikajikuta nasema jambo lingine, la zamani, la kabla sijaolewa, ambalo sikuwa nimepanga kulisema. Wewe sikuambii ni lipi.

Akaweka mkono kichwani mwangu, akasema maneno yale yale. Zote. Nililia mpaka nikaona haya. Na hapo, mwanangu, ndipo niliposhukuru kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Usidhani shaka iliniisha siku hiyo. Kwa miezi nilimchunguza mchungaji. Nilitazama macho yake akiongea na mama mkwe wangu, nikangoja ateleze. Hakuteleza hadi alipostaafu.

Nilipofika nyumbani Nyakundi alikuwa langoni anafunga waya. Alikuwa ameniona nikitoka kanisani, kope zangu zimevimba. Nilijua ataniuliza, nami nilistahili kuulizwa baada ya yote niliyomfanyia. Akakaza waya wa mwisho.

"Umejiandikisha?" akasema.

"Nimejiandikisha."

"Basi nami nivae viatu niende, kabla mchungaji hajafunga."

Kesho yake tulipiga magoti bega kwa bega. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukazika mama yake, tukalea watoto, na mwaka juzi nikamzika yeye. Hakuniuliza kamwe nilisema nini mle ndani. Mimi nilitaka kumuuliza mara elfu. Hadi leo sijui alikuwa akililia nini, na sitakudanganya, kuna nyakati bado nashuku. Lakini nilikuwa na mume aliyekuwa akirudi kutoka kwenye ule mlango akiwa mtu, na hilo karibu niliharibu kwa masikio yangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sitamuuliza mchungaji, na wewe usimuulize. Mume wako akikupiga, au akiwanyima watoto chakula, hilo si la sakristia, njoo kwangu mchana kweupe na wazee wote watakaa. Ukiwa na swali, muulize yeye, uso kwa uso, na useme nashuku, usiseme najua. Lakini anachompelekea Mungu akiwa amepiga magoti, kiache huko. Hayo tunayoyaamini kuhusu neema, ukitaka kuyaandika kwenye daftari, andika kwamba kuna mahali mwenzako anasamehewa, napo hapakuhusu. Na ukiona mzigo wako umeanza kunung'unika ndani, Jumamosi mlango uko wazi kwako pia.

Mungu akupe nyumba ambayo watu wanarudi. Akupe mume wa kupiga naye magoti, na ulimi unaojua kungoja. Na siku utakapobaki wewe ndani, mlango ukifungwa nyuma yako, akupe jirani asiyesimama dirishani.