Magego Mawili na Hukumu ya Shangazi

Mwaka taya langu lilipovimba nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kimwani, kijana mwenye suti moja na maoni mengi. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, na ugonjwa wa kukondesha uliokuja baada yake ulikuwa umetufanya sote madaktari. Mtu akikohoa mara mbili sokoni, tulijua. Akikaza mkanda tundu moja zaidi, tulijua. Mimi nilikuwa miongoni mwa mabingwa hao, tena bingwa mwenye cheti cha ualimu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa jirani yangu, aliyevua samaki kisiwani Goziba miaka mingi kisha akarudi nyumbani amekonda. Njia ya kwenda shuleni ilipita mlangoni kwake. Nikaanza kuzungukia kwenye migomba ya watu wengine, na aliyeniuliza nilimwambia ninanyoosha miguu.

Ndipo magego yangu ya mwisho, yale yanayoitwa meno ya akili, yalipotaka kuota yakakosa nafasi. Ulivimba upande wa kulia, ukafuata wa kushoto, hata mdomo ukawa haufunguki zaidi ya unene wa kidole. Kwa wiki kadhaa niliishi kwa uji, nikiuvuta pembeni mwa meno. Bitoke, zile ndizi zetu za kupika, vilipondwapondwa kwa ajili yangu na bado vikanishinda. Suruali ikaanza kunishuka mbele ya darasa la tano. Mwalimu mkuu akanishauri kwa upole nipumzike, akanipa na boksi la chaki nililokuwa nikilitumia niende nalo, kwani walimu wenzangu hawakulitaka tena.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuja kuniuguza bila kuitwa. Alikuwa Mlutheri wa kupigiwa mfano, na alikuja na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vyote vimefungwa kwenye kanga. Siku ya pili alileta wazee wawili wa kanisa. Waliomba kwa muda mrefu, kisha shangazi akaniomba nitubu na nitaje wanawake. Nilijaribu kueleza kwamba ni meno, lakini kwa mdomo ule nilichotoa ni mkoromo tu. Shangazi aliwageukia wazee akawaambia kwamba moyo wangu ni mgumu, nimekataa kufungua kinywa. Kwa kweli ningekuwa na wanawake wa kutaja, ningeomba karatasi niwaandike, angalau heshima yangu ya ujana iokoke. Nilikuwa na mchumba mmoja tu, na baba yake alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba harusi isubiri. Hakusema isubiri nini.

Aliyekuja kunitazama kwa macho ya kawaida alikuwa yule jirani. Alikuja akiegemea fimbo, akapumzika mara mbili uani kabla ya kufika kwenye kiti. Shangazi alitoka nje. Jirani alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza nyuma ya taya mpaka machozi yakanitoka.

"Mwalimu," akasema, "ugonjwa wangu mimi naujua. Haufungi taya. Hili ni jino. Nenda Bukoba."

Tulikwenda Bukoba, mimi na shangazi, aliyesafiri na gauni lake jeusi la misiba ili asilazimike kurudi kulichukua. Hospitalini, daktari wa meno alinipiga picha ya taya, akaiinua dirishani. Magego mawili ya chini yalikuwa yamelala ubavu ndani ya mfupa, yakiwasukuma wenzao kama walevi kwenye benchi. Shangazi alimvuta daktari pembeni, akamwomba asitufiche.

"Sifichi kitu, mama. Ni magego mawili."

"Na baada ya magego?"

"Baada ya magego atakula."

Sijapata kuona mtu akipokea habari njema kwa uso mzito namna ile.

Nilichomwa sindano za kukausha usaha kwa siku kadhaa, mpaka mdomo ukakubali kuingiza vyombo. Miaka ile mgonjwa alikuja na glovu na sindano zake, kwa hiyo tulizinunua dukani, na kila chombo kilipotoka kwenye maji ya moto nilikitazama kama mkaguzi wa elimu. Ganzi ilipokolea, daktari alichana ufizi, akachonga mfupa kwa patasi, msaidizi akigonga kwa nyundo ndogo. Maumivu sikuyasikia, sauti niliisikia: kama mtu anatengeneza mlango ndani ya kichwa changu. Gego la kwanza lilitoka vipande vitatu. La pili lilitoka zima, likiwa na mizizi iliyopinda. Nikashonwa, nikapewa kitambaa cha kung'ata, na nikaomba meno yangu yatiwe kwenye kichupa.

Kichupa kile nilikitembeza Kimwani nzima. Nilimwonyesha mwalimu mkuu, wazee wa kanisa, na mjumbe wa baba mkwe, aliyerudi na mkungu wa ndizi kusema harusi haina kipingamizi. Shangazi alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa maombi yake. Daktari hakutajwa.

Mwisho nilikwenda kwa jirani kumshukuru, safari hii kwa njia ya mbele. Aliyatazama magego kwa muda mrefu.

"Mabaya kweli," akasema. "Umeshamwonyesha nani mwingine?"

Nilimwambia karibu watu wote.

"Sasa na mimi, mwalimu, nitembeze nini?"

Nikakirudisha kichupa mfukoni. Aliniuliza kama shule imefunguliwa. Tangu siku ile nilipita kwake kila jioni, na nilifika nyumbani nimechelewa kwa muda ule ule niliokuwa nikiupoteza nilipozunguka kwenye migomba.

Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilipewa kazi ya kuandika historia ya marehemu. Nilipofika kwenye sababu ya kifo, kaka yake alinong'ona kwamba familia ingependa malaria. Wote waliokuwa pale walijua, na mimi nilijua kuliko wote.

Nikaandika malaria kali. Nikasoma kaburini kwa sauti, na watu wakaitikia kwa vichwa.