Mtandio wa Mama wa Mashine

Hapa Nyamisati kila mtu humwita Mama wa Mashine. Injini anayoitunza inakunywa mafuta ya nazi: inatupa umeme, na joto lake linachemsha maji ya dagaa na kuendesha mtambo wa kupoza chumba cha baridi. Kutwa kiganja chake kiko kwenye bomba, na injini ikibadili sauti, yeye hukaza mtandio. Hatujawahi kumwona kichwa wazi. Mafuta usithubutu kumwomba. Jirani yake Swaumu aliomba kijiko kimoja tu, akafukuzwa.

Juzi boti ya mafuta kutoka Mafia haikufika, na chumba kimejaa kamba wabichi wa kijiji kizima. Injini ikaanza kukohoa. Mama wa Mashine akaleta mafuta ya jikoni kwake, akamimina, yakaisha. Ndipo Swaumu akaja na kikaango cha mafuta.

“Nimekaangia samaki, shoga. Yana vipandevipande.”

“Yataziba bomba,” alisema Mama wa Mashine, macho yakihangaika kutafuta kitambaa safi cha kuchujia. Hapakuwa na kitu ila matambara ya grisi. Injini ikakohoa tena, safari hii kwa kukata pumzi. Akavua mtandio, akautandaza juu ya ndoo.

“Mimina, Swaumu.”

Wanaume wote tukageuka, tukatazama mikoko.