Siku Tatu Alizoningojea Bwana Lars

Nilipokuwa mtoto hapa Azaiba, Omani, ukuta mmoja tu ulitutenga na Bi Karin na mumewe, Bwana Lars, Waswidi wasiojaaliwa mtoto. Kila Januari, siku ya ishirini baada ya Krismasi, walituita watoto wa mtaani. Tulishikana mikono tukauzunguka mti wao, tukaimba maneno tusiyoyajua, tukala biskuti za tangawizi zilizotundikwa matawini. Kisha Bwana Lars akaubeba mti na kuutupa nje, nasi tukipiga makofi. Alitueleza kwamba kwao sikukuu humalizwa siku hiyo, na mti ukisalia ndani, nuksi husalia na wenye nyumba.

Mama hakupenda niende. Bibi, aliyezaliwa Unguja na kuja Omani na watoto wake, alimwambia kuwa biskuti ya jirani haimtoi mtu katika dini. Habari ya nuksi ndiyo aliyoitilia maanani. Yeye mwenyewe hakukubali kusafiri Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar.

Mwaka mmoja siku ile ilinikuta kitandani na tetekuwanga. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Siku ya tatu nikapata nafuu, na Bi Karin akaja kunichukua. Mti ulikuwa bado umesimama sebuleni, majani yamepukutika. Tuliuzunguka sisi watatu tu, na nilifurahi kuliko miaka yote.

Mwezi wa Oktoba Bwana Lars alianguka bafuni akafa.

Sikumwambia mtu. Niliacha kula vizuri, na nilipomwona Bi Karin barazani nilikimbilia ndani. Januari ilipofika, nyumba yao haikuwa na mti. Siku ya ishirini Bibi alinikuta nimejikunyata nyuma ya tangi la maji, na hapo nikamwambia yote, kwamba mti ulibaki kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyemuua.

Nilitaraji anikatalie. Yeye akajifunga buibui lake.

"Twende ukayaseme kwake," alisema. "Jambo kama hili halilelewi moyoni."

Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo ilinibidi niseme mwenyewe, kisha nimfasirie yeye nitakayojibiwa. Bi Karin alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya meza.

"Mimi nilitaka tuutoe siku yake," alisema. "Lars ndiye aliyekataa. Alisema mtoto hafungiwi nje."

Nikamuuliza kama Bwana Lars hakuamini ile nuksi.

"Aliiamini sana. Mama yake alimlea nayo. Usiku ule wa kwanza hakupata usingizi."

Nilimfasiria Bibi. Akavuta kiti, akaushika mkono wa Bi Karin, wakakaa hivyo mpaka ikaadhiniwa Alasiri. Hakuna aliyeniambia kwamba sina kosa.

Bi Karin alirudi kwao mwaka ule ule, na Bibi naye ameshatangulia mbele ya haki. Kwa miaka mingi jibu lile lilinielemea, maana nilijiona nna deni kwa mtu aliyekwisha kufa. Leo nna watoto wangu, na nadhani nalielewa. Kama nuksi ipo au haipo, Mungu ndiye ajuaye. Mimi najua kwamba palikuwa na mtu aliyeiogopa kweli, na hata hivyo aliniwekea mti siku tatu.